Tone la mvua linatua na mbio gani? Fizike ya sekondari juu ya milima ya Kayna

Safari hii ninaleta jambo ambalo wengi watasema ni la watu wa fizike, siyo la agronome. Munisikilize kwanza. Ni jambo la shamba kabisa, na kama hatulielewi vizuri tutaendelea kuwapa bamama wa kijiji mashauri ya nusu.

Wote tuliopita sekondari tunakumbuka fomula mbili za kitu kinachotembea juu ya mustari mmoja, kikianza bila mbio. Ya kwanza inasema mbio ni akselerasio mara muda. Ya pili inasema njia iliyopitwa ni nusu ya akselerasio, mara muda, mara muda tena. Kwa kitu kinachoanguka, mwalimu anaandika g ku ubao, 9,8, na kila mutu anaingiza namba zake. Intero inaisha, tunaenda nyumbani. Fomula zile ni za kweli, ila ziko na sharti moja ambalo tulikuwa tunaliandika ku kaye bila kulijali: akselerasio isibadilike toka mwanzo mpaka mwisho.

Sasa tuijaribu kwa mvua. Tuseme wingu liko mita 1000 juu ya Kayna. Ukifuata fomula, tone linaloanguka toka kule linafika chini na mbio ya mita 140 kila sekunde, maana yake kilomita 500 na kitu kwa saa. Kama ingekuwa hivyo, hakuna mugomba hata mumoja ungebaki na jani, mabati yetu yangekuwa chujio, na mutoto anayetoka masomo wakati wa mvua hangefika nyumbani. Lakini batoto wanafika, wameloana tu, wanacheka. Tone kubwa kabisa la mvua linatua na mita 9 hivi kwa sekunde, sawa na kilomita 33 kwa saa. Ni mbio ya pikipiki inayobeba abiria ku barabara mbaya.

Toka 140 mpaka 9, kuna mutu alikula tofauti. Ni hewa njo ilikula. Na namna ilivyokula, kidogo kidogo, si kwa mara moja, njo somo lenyewe.

Kabla ya tone, muangalie kwanza chukudu inayoshuka na magunia ya viazi. Pale juu, wakati kijana anaiachilia, inaanza polepole. Mteremko ukikaza, inaongeza mbio haraka. Mteremko ukilegea, inaendelea kuwa na mbio lakini haiongezi tena. Halafu kuna kona, kijana anakanyaga kile kipande cha mpira ku gurudumu la nyuma, na mbio inapunguka. Njia yake ni moja, anaenda mbele tu, lakini akselerasio haikukaa ileile hata dakika moja. Na muone jambo ambalo ku masomo lilikuwa linatuchanganya sana: mbio na akselerasio si kitu kimoja. Fasi ile ambapo chukudu iko na mbio kubwa kushinda yote inaweza kuwa ni fasi ambapo akselerasio ni sifuri. Mbio ni kile ulicho nacho mufukoni. Akselerasio ni kile kinachoingia au kutoka kila sekunde.

Kwa chukudu, akselerasio inabadilika juu ya mulima na juu ya mguu wa dereva. Kwa tone la mvua ni tofauti: inabadilika juu ya mbio ya tone lenyewe. Tone likianza kuanguka, hewa haiishike sana, basi uzito unalivuta na akselerasio nzima, 9,8. Likipata mbio, hewa inalisukuma toka chini. Kwa matone makubwa, ule msukumo unafuata mbio mara mbio: mbio ikiongezeka mara mbili, hewa inasukuma mara nne, mbio ikiongezeka mara tatu, inasukuma mara tisa. Kinachobaki cha uzito kinaendelea kupunguka. Siku, tuseme sekunde, msukumo wa hewa unakuwa sawa na uzito, hakuna kinachobaki. Akselerasio ni sifuri, na tone linaendelea kushuka na mbio ileile mpaka chini. Hiyo tutaiita mbio ya mwisho.

Basi namna gani tunahesabu kitu ambacho akselerasio yake inabadilika kila wakati? Wale waliofanya hesabu nzito watasema integrale, na ni kweli, inafanyika vizuri. Lakini kuna njia ya mutu yeyote, na kalamu na karatasi tu: ukate muda katika vipande vidogo, na ndani ya kila kipande ujifanye kama akselerasio haibadiliki. Mwisho wa kipande unahesabu mbio mpya, na kwa mbio ile unatafuta akselerasio mpya, unaingia kipande kingine.

Tufanye pamoja. Tuchukue tone ambalo mbio yake ya mwisho ni 9, na tuandike 10 fasi ya 9,8 ili hesabu isituchoshe. Vipande ni vya sekunde 0,2. Mwanzo, mbio ni 0 na akselerasio ni 10. Baada ya kipande cha kwanza mbio inakuwa 2. Hewa inakula nini pale? Mbili mara mbili ni 4, tisa mara tisa ni 81, basi hewa inakula sehemu 4 kati ya 81, ni kidogo sana, akselerasio inabaki 9,5. Kipande cha pili: mbio inafika 3,9, akselerasio inashuka mpaka 8,1. Cha tatu: mbio 5,5, akselerasio 6,2. Cha ine: mbio 6,8, akselerasio 4,3. Cha tano, sekunde moja imeisha: mbio 7,6, akselerasio inabaki 2,8 tu. Muendelee nyumbani, mutaona mbio inaikaribia 9 kama mgeni anayebisha hodi bila kuingia, na akselerasio inaikaribia sifuri.

Mutu atauliza kama namba hizi ni sawasawa. Ziko juu kidogo, kwa sababu ndani ya kila kipande tulitumia akselerasio ya mwanzo, ambayo ni kubwa kushinda ya mwisho. Ukikata vipande vidogo zaidi, sekunde 0,1 halafu 0,05, mbio ya sekunde moja inashuka kuelekea 7,2, ambayo njo jibu la integrale. Fomula ya sekondari ingekuambia 10. Na njia iliyopitwa katika ile sekunde ni mita 4,2, siyo 5. Tofauti inaonekana kidogo pale mwanzo, lakini baada ya sekunde mbili tone liko karibu 8,8 na limemaliza kazi, wakati fomula inaendelea kuongeza 10 kila sekunde bila kuchoka.

Mbio ya mwisho inategemea ukubwa wa tone. Uzito unafuata kipimo cha tone mara tatu (urefu, upana, kimo), lakini uso unaopokea hewa unafuata mara mbili tu. Kwa hiyo tone kubwa liko na uzito mwingi kwa kila sehemu ya uso wake, na hewa inachelewa kulishinda. Mwaka 1949 watafiti wawili wa Marekani, Gunn na Kinzer, walitoa vipimo ambavyo mpaka leo watu wanavitumia. Tone la nusu milimita linashuka na mita 2 kwa sekunde. La milimita 1, mita 4. La milimita 2, mita 6,5. La milimita 3, mita 8. La milimita 5, mita 9,1. Zaidi ya pale haliendi mbali: tone likipita milimita 5 au 6 linavunjika hewani. Na ukungu ule unaolala asubuhi kati ya vilima, vitone vyake ni vidogo hivi kwamba vinashuka sentimita moja hivi kwa sekunde. Upepo mdogo tu unavibeba, njo maana tunauona kama umesimama. Hizi ni namba za hewa ya usawa wa bahari. Kwetu juu hewa ni nyepesi, matone yanaenda mbio kidogo zaidi. Ku mita 2000 ni karibu sehemu moja kwa kumi zaidi.

Kumbe kuna njia ya kupima ukubwa wa matone bila mashini. Mwaka 1904 Mmarekani mumoja, Wilson Bentley, mukulima wa Vermont, alieleza namna yake: unaweka unga mwepesi ndani ya sahani, unaufunulia mvua kwa sekunde chache, unafunika, unaacha ukauke. Kila tone linafanya kidonge chake. Mimi nimefanya na unga wa ngano mwanzoni mwa sezoni A, vidonge vikavu vikapita katika chujio ya jikoni bila tabu. Mvua ya mwanzo wa sezoni, ile inayokuja na upepo na ngurumo, inaacha vidonge vikubwa. Mvua ya kunyunyiza ya saa mingi inaacha vidogo kama mchanga. Wanafunzi wa sekondari wanaweza kufanya hii kazi kwa sahani moja na vijiko viwili vya unga, mama akikubali.

Sasa tuingie shambani. Pigo la tone linapimwa kwa enerji: nusu ya uzito, mara mbio, mara mbio tena. Tone la milimita 5 liko na uzito mara 125 wa tone la milimita 1, na mbio yake ni mara mbili na kitu. Ukizidisha vizuri, pigo moja la tone kubwa ni sawa na mapigo zaidi ya 600 ya tone dogo. Au tupime kwa litre moja ya maji, juu ya mita moja ya mraba, yaani milimita moja ya mvua. Ikija kwa matone ya milimita 1, inaleta jule 8 za enerji. Ikija kwa matone ya milimita 5, inaleta jule 41. Maji ni yaleyale, ndoo ni ileile, lakini udongo haukupata kipigo kilekile. Mukulima anayesema "mvua ya jana ilikuwa kidogo lakini iliharibu" hajakosea, hata kama pliviometre ya projet inaonyesha namba ndogo.

Na lile litre moja, likisha kutua na kuanza kutiririka juu ya shamba na mbio ya nusu mita kwa sekunde, linabaki na jule 0,125 tu. Muweke kando ya 41. Wengi wetu tukisikia neno mmomonyoko tunaona maji mekundu yanayoshuka ku mutaro. Yale maji ni wabebaji. Wavunjaji ni matone. Tone linapiga donge la udongo, linalivunja, chembe zinaruka, nyingine zinaziba vitundu ambamo maji yangeingia. Udongo unafanya ganda juu, maji hayaingii, yanaanza kutembea, yanakuta chembe zimekwisha kutengwa, yanazibeba. Juu ya mteremko chembe zinazoruka kuelekea chini zinaenda mbali kushinda zile zinazoruka kuelekea juu, kwa hiyo hata kabla maji hayajaanza kutembea, shamba limeanza kushuka mulima. Angalieni ukuta wowote uliopakwa chokaa: ile mistari myekundu chini, mpaka kimo cha goti, haikuletwa na maji ya kutiririka. Iliruka. Na majani ya chini ya maharagi yanapata udongo vilevile, pamoja na mbegu za antraknoze, ambayo inapenda sana kusafiri juu ya hayo marusho.

Kuna jaribio moja ambalo ningetamani kila mwanafunzi wa agronomia alijue. Lilifanyika Afrika, ku Rodezia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, kuanzia miaka ya 1950. Norman Hudson alichukua vipande viwili vya shamba, vyote wazi bila mmea, magugu yanang'olewa. Juu ya kimoja akatandika wavu mwembamba wa mbu, ukiwa umeinuliwa kidogo juu ya udongo. Mvua ni ileile, mteremko ni uleule, na wavu hauzuii maji: unavunja matone tu, yanapita chini kama manyunyu. Kipande kilicho wazi kilipoteza udongo zaidi ya mara mia moja kushinda kile cha wavu. Hakukuwa na mizizi, hakukuwa na mitaro, hakukuwa na muti. Mbio ya matone tu njo ilibadilishwa.

Hapa njo ninafika ku jambo linalonisumbua. Kwa miaka mingi shauri la kwanza tunalotoa juu ya milima ya Lubero ni: panda miti. Na muti unaopandwa zaidi ni mukaratusi. Siko adui wa mukaratusi. Mbao, makala, nguzo za nyumba, hata masomo ya batoto wengi yalilipwa na mikaratusi. Lakini tuuangalie na macho ya tone.

Tone linalotoka ku wingu linakutana na majani juu. Halianguki moja kwa moja. Linakaa, linaungana na mengine, mpaka jani linashindwa, na tone jipya linaanguka toka sifuri. Hili tone la pili ni kubwa, mara mingi milimita 5 hivi, hata kama mvua yenyewe ilikuwa ya milimita 2. Swali: likianza upya toka ku jani, linahitaji njia gani ili lipate tena nguvu?

Ile hesabu ya vipande inatoa jibu, lakini kuna njia fupi, na ni nzuri sana. Kila mita tone linashuka, uzito unalipa enerji ileile. Hewa nayo kila mita inaichukua sehemu inayofuata mbio mara mbio, maana yake inayofuata enerji ambayo tone liko nayo tayari. Kwa hiyo kinachokosekana ili kufika ku enerji ya mwisho kinapunguka kwa sehemu ileile kila mita, sawa na mutu anayelipa deni kwa kutoa kila wiki robo ya kile kinachobaki. Kwa tone la milimita 5, nusu inajazwa kila mita 3. Likianguka toka mita 3 liko na nusu ya pigo lake lote. Toka mita 6, robo tatu. Toka mita 9, karibu sehemu saba kati ya nane. Mwaka 1941 Mmarekani Laws alikuwa amekwisha kupima matone yanayoangushwa toka vimo mbalimbali, na alikuta vilevile kwamba matone makubwa yanapata karibu mbio yote ndani ya mita chache.

Basi muhesabu wenyewe. Mukaratusi ambao majani yake ya chini yako mita 9 juu unaachilia tone kubwa linalofika na mbio karibu mita 8,5. Mvua ya kawaida ya milimita 2 ingefika na 6,5. Muti ulichukua matone madogo, ukayafanya makubwa, ukayaangusha toka fasi ya juu ya kutosha. Kama chini kuna tabaka nene la majani makavu, hakuna neno, pigo linaishia mule. Lakini chini ya mikaratusi yetu kuna nini? Bamama na batoto wanafagia majani yote kwa kuwasha moto, na siwalaumu, kuni ni shida. Udongo unabaki uchi, mugumu, umepigwa mpaka unang'aa. Ukitembea pale baada ya mvua utaona vijiwe vidogo vimesimama juu ya viguzo vya udongo, kama uyoga: jiwe lilikinga fasi yake, zingine zote zilipigwa na kuondoka. Ni saini ya matone, hakuna kitu kingine kinachofanya vile.

Mugomba, majani yake yakiwa mita 2 juu, unaachilia tone linalotua na mita 5,6 kwa sekunde, na pigo la chini ya sehemu mbili kwa tano za tone lile kubwa likiwa na mbio yake yote. Muhogo wa mita moja na nusu unaacha chini ya theluthi. Maharagi ya sentimita 30 yanaacha sehemu 7 kwa mia. Jani kavu lililolala juu ya udongo linaacha sifuri, kwa sababu hakuna njia ya tone kuanza tena. Kwa hiyo kinachokinga udongo si kivuli, ni ukaribu wa jani na ardhi. Ukiuliza ku semina "muti upi unazuia mmomonyoko?" swali lenyewe liko juu mno. Mimi siku hizi ninauliza: kitu gani kiko chini ya goti?

Mabati ya nyumba ni kesi nyingine yenye kuchekesha. Tone linalodondoka ukingoni mwa bati, mita 2,5 juu, linatua na mita 6 hivi kwa sekunde, polepole kushinda tone kubwa la mvua yenyewe. Lakini linachimba ule mustari wa mashimo tunaoujua wote, kwa sababu linapiga fasi moja, ileile, saa nzima. Weka changarawe pale, au mabua, na shimo halifanyiki.

Turudi ku kalenda. Sezoni A tunapanda kuanzia mwezi wa 9, sezoni B kuanzia mwezi wa 2 au wa 3. Ni wakati uleule ambapo jembe limelala juu ya kila kilima toka Kanyabayonga, Kayna, Kirumba mpaka Lubero, udongo umepinduliwa na kusagwa vizuri, magugu yamechomwa, na mvua ya matone makubwa inaanza. Kwa wiki tatu mpaka tano, kabla maharagi hayajafunga mistari, hakuna jani hata moja kati ya wingu na ardhi. Milimita moja ya udongo ikiondoka juu ya ektari moja, ni mita 10 za ujazo, zaidi ya tani 12. Macho hayaoni milimita. Na ni milimita ya juu, ile yenye mboji na mbolea, siyo udongo mwekundu wa chini.

Mitaro ya kuzuia mmomonyoko na mistari ya setaria au tripsakumu ku kingo ni kazi nzuri, inasimamisha wabebaji. Lakini haigusi wavunjaji. Kati ya mutaro na mutaro matone yanaendelea. Kwa hiyo, kama mutu hana nguvu ya kufanya yote, na tangu vita ilipofika Kanyabayonga na Kirumba mwezi wa 6 mwaka 2024 wengi hawana, maana anayerudi ku shamba anataka kuvuna haraka na hawezi kuchimba wiki mbili, ningemwambia aanze na payaji, kufunika udongo na mabaki ya mimea. Si lazima kufunika yote. Hata theluthi moja ya udongo ikifichwa, mmomonyoko unapunguka sana. Mabua ya mahindi yaliyolazwa kukata mteremko, maganda na mashina ya maharagi fasi ya kuyachoma pale yalipopigwa, majani ya migomba, matawi laini ya titonia ile inayoota yenyewe kando ya barabara, ambayo tena inaoza haraka na kulisha udongo.

Wapinzani wako, na hoja yao iko na uzito. Mabua ya mahindi, mbuzi anayataka. Mashina ya maharagi yakichomwa yanatoa jivu, na jivu linasaidia ku udongo wenye asidi. Mama anayelichoma siyo mujinga, analipwa leo. Majani ya mukaratusi ni moto wa asubuhi. Ukimwambia aache vyote chini, unamuomba akopeshe shamba kitu ambacho tumbo linakihitaji. Hapa fizike inasaidia kuchagua, kwa sababu inaonyesha fasi na siku. Fasi: kipande chenye mteremko mkali kwanza, na chini ya miti mirefu, kipande cha tambarare kando ya nyumba kinaweza kungoja, na mabua yake yaende kwa mbuzi. Siku: toka kupanda mpaka maharagi yafunge mistari. Baada ya pale, jani la sentimita 30 linafanya kazi lenyewe, bure. Na chini ya mikaratusi, familia inaweza kufagia nusu tu, mustari mumoja unafagiwa, mustari unaofuata unaachwa, wakibadilishana kila sezoni.

Kuhusu kupanda karibu karibu na kuchanganya mahindi na maharagi, bamama wetu walikuwa wanafanya hivyo zamani, kabla sisi hatujaja na kamba za kupanda mustari mumoja mumoja wa zao moja. Mahindi yako juu, yanaangusha matone toka mita 2. Maharagi yako chini, yanayapokea sentimita 30 juu ya ardhi. Ghorofa mbili. Ile ya juu peke yake haitoshi, na mwenye kupima atakuta kwamba ni ya chini njo inafanya kazi kubwa.